Njugu Baba Alizokataa Kula

Wafanyakazi wa supamaketi ya hapa Kitui mjini wananijua. Mimi ndiye yule mama wa kupindua chupa. Nachukua chupa ya siagi ya njugu, naigeuza kichwa chini, kisha nangoja nione kama mafuta yatatembea. Yakitembea, najua ndani kuna njugu kweli. Yasipotembea, navaa miwani nisome yale maandishi madogo ya nyuma, na mara nyingi nakuta sukari, chumvi na mafuta mengine ya kugandishia, basi nairudisha nilipoitoa. Mume wangu humaliza kununua vitu vyote vya nyumbani akarudi kunikuta palepale.

Sikuzaliwa hivi. Nilifunzwa na uzito wa baba yangu.

Mama alipofariki, baba alibaki peke yake nyumbani kwetu upande wa Ikutha, na akakataa katakata kuhamia kwangu. Mwaka haukuisha kabla mshipi wake haujatobolewa matundu mawili mapya kwa msumari. Daktari wake wa presha akampima, akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye, akasema mzee apunguze chumvi lakini aongeze chakula. Uzito ukizidi kushuka, itabidi alazwe. Baba akajibu kwamba siku hizi hakuna kinachompita kooni ila njugu. Daktari akasema njugu ni sawa kabisa, mradi zisitiwe chumvi. Nilifurahi nusura nimkumbatie daktari wa watu.

Basi nikawa mnunuzi wa njugu. Karibu na soko kuna mama mmoja mwenye asili ya Garissa, anauza njugu na korosho kwa kupima, na ana mashine yake ya kusagia. Siku ya kwanza aliniona nikichota tu bila kuangalia.

"Dada, hapana," akasema. "Mwaga kwa mkono kwanza. Unaona hii imekunjana? Hii imebadilika rangi? Kuvu inapenda hizo. Usipelekee mzee."

Habari za kuvu sisi Wakamba hatuhitaji kuhubiriwa, mahindi yaliyoota kuvu yalishatuulia watu. Nikaanza kuchagua. Kila mwezi nilikuwa stadi zaidi. Nilichukua zile nono tu, zenye ganda jekundu lisilo na mkwaruzo, na yule mama akanisifu kwamba sasa namshinda hata yeye. Niliona fahari, siwezi kusema uongo.

Na kila mwezi mizani ya kliniki ilirudi nyuma.

Nilishuku kuku, kisha majirani. Nikashuku hata wale akina mama wa kanisa wanaokuja kumwombea na kuondoka na mifuko. Jumamosi moja nikaenda bila kumwarifu. Nilimkuta nje ya jiko, amekaa kwenye kigoda, uteo wa mama magotini, anapeta na kuchagua. Njugu nono, nilizozitafuta moja moja, alikuwa anazitia kwenye kitete, kile kibuyu kidogo cha mama, pamoja na majivu ili zisiliwe na wadudu. Zilizovunjika na zilizojikunja alikuwa anatia mdomoni. Na kwa kuwa nilikuwa nimechagua vizuri mno, uteo mzima ulimwachia kiganja kimoja tu cha kula.

"Baba, unafanya nini?"

"Nachagua mbegu, mwaitu." Huniita hivyo, yaani "mama yetu" kwa Kikamba, kwa sababu nimebeba jina la mamake.

"Mbegu? Si nilikununulia ule!"

"Hizi nzuri haziliwi. Mama yako alikuwa anachapa mtu mkono."

Ni kweli. Hakuna mtoto wa nyumba yetu ambaye hakuchapwa mkono juu ya uteo ule. Nzuri zilikuwa za kupandwa kwenye kishamba cha mama mvua ya Novemba ikija, na zilizobaki ndizo zilizotulea. Lakini siku hiyo sikutaka kukumbuka chochote. Nilikuwa nimepandwa na hasira za miezi mitatu.

"Mama hayuko, baba!"

Akapangusa majivu vidoleni, taratibu, kimoja baada ya kingine.

"Najua hayuko," akasema. "Ndiyo maana nachagua mimi."

Nililia pale pale, nimesimama na kipochi begani. Naye akanisogezea kigoda kingine, akaendelea na kazi.

Jumatatu nikaenda kwa yule mama wa njugu, nikamweleza. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio, halafu akaigeukia mashine yake.

"Basi tusage," akasema. "Kitu imesagwa haipandwi."

Akakaanga zile nono, akazisaga mbele yangu bila kuongeza kitu. Nikabeba chupa mbili za siagi, na kilo moja ya njugu mbichi za mbegu, kwa sababu nilishaelewa kwamba shamba lile dogo la mama nalo lazima lilishwe.

Baba alifungua chupa, akaona mafuta yanaelea juu, akainusa akidhani imeharibika. Nikamkorogea.

"Na hii nitapanda aje?"

"Hii haipandwi. Hii ni ya kula."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali alipodanganywa. Kisha akachota kijiko, akaonja, akachota tena.

"Imesagwa zile kubwa?"

"Kubwa tupu."

Kijiko kikasimama hewani.

"Mama yako hakuwahi kula kubwa," akasema. "Hata moja."

Nilidhani ameshindwa, kwamba atakiweka chini. Akakitia mdomoni, akala macho yamejaa machozi, na siku hiyo akafika karibu nusu ya chupa.

Mvua ilikuja, akapanda. Tulipovuna, mshipi wake ulikuwa umerudi tundu moja. Akapeta, akachagua, akajaza kitete hadi shingoni. Kisha akakiinamisha, akanimwagia njugu nono kiganjani, zikiwa bado na majivu.

"Kula nikuone, mwaitu."

Nikala. Nina miaka hamsini na kitu, na mkono wangu bado ulikuwa unangoja kofi la mama.