Mlango Uliomjua Baba Tunu

Jioni ile ya mvua naikumbuka, mwanangu, kuliko siku nyingi nilizokuwa na raha. Nilikuwa kijana. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, nikahama mtaa hadi mtaa kwa sababu moja tu: nilitaka kujua kona inayofuata ina nini. Wakati huo nilikuwa nimetua Manzese, katika nyumba ya vyumba vilivyotazamana kwenye korido moja. Mwenye nyumba alikuwa Bi Zuwena, mama wa Kiarabu aliyeachiwa duka la mbele na marehemu mumewe. Chumba cha mwisho, karibu na bomba, kilikuwa changu.

Katika chumba kilichotazamana na changu alikaa Gaspar, karani kutoka bara, pamoja na mkewe na binti yao wa miaka mitano, Tunu. Desturi yetu unaijua. Mtu akipata mtoto, jina lake la ujana huwekwa pembeni, akaitwa kwa jina la mwanawe. Mkewe alikuwa Mama Tunu tangu siku walipohamia. Lakini ukimwita Gaspar "Baba Tunu", haitiki.

"Nyie subirini nipate dume kwanza," alisema siku moja uani, akicheka. "Hapo ndio mtaniita baba. Kwa sasa mie Gaspar tu, kijana wa mjini."

Wapangaji walicheka. Na mimi nilicheka. Tunu alikuwa amekaa kizingitini anavaa kandambili. Akazivua, akarudi ndani.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Mimi sikuwa na mtu wa kuzungumza naye, kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kutazama. Watoto wa nyumba ile walipenda kucheza mchezo wa baba na mama. Walitundika kanga ikawa mlango, mmoja akawa baba, mmoja mama, wengine watoto. Tunu kila siku alikuwa mgeni. Alisimama nje ya ile kanga, akapiga hodi, na mara nyingi wenzake walimsahau palepale.

"Tunu, mbona kila siku wewe ndiye mgeni?" nilimuuliza.

"Mie ndio naweza kusubiri," akanijibu.

Usiku ule sikupata usingizi. Baba yangu mimi aliitwa Baba Issa, kwa jina la mtoto wa nyumba kubwa, kwa mkewe wa kwanza. Kwetu alikuja mara mojamoja. Tulipopita mtaani, watu walimwita, "Baba Issa, za siku nyingi!" naye akaitika vizuri, huku mimi nimemshika mkono, nikijiuliza kama anajua kwamba nimemshika.

Asubuhi nilimsimulia Bi Zuwena maneno ya yule mtoto.

"Na wewe ulipokuwa unakenua meno pale, ulidhani unacheka na nani?" aliniuliza. "Mtu mzima anasikia utani. Mtoto anasikia baba yake anamkana mbele za watu."

Gaspar naye Bi Zuwena alimwambia, tena kwa upole. Akajibu, "Bibi, utani tu huo."

Jioni ya mvua sasa. Bi Zuwena alikuwa ameshafunga mlango wa mbele kwa komeo, amekaa kwenye kigoda chake, nasi tumejibanza koridoni tukikwepa matone ya bati. Mara hodi.

"Nani?"

"Mie, Bibi. Gaspar."

"Gaspar simjui. Nyumba hii ina Baba Tunu, naye hajarudi bado."

Tukaangua kicheko.

"Bibi, nalowa huku!"

"Pole, mwanangu. Ukimwona huko njiani mwambie binti yake anamngoja."

Gaspar alimwita mkewe. Mama Tunu akaendelea kukoroga mboga. Ndipo Tunu alipotoka chumbani, akatembea taratibu hadi mlangoni. Bi Zuwena akasogeza kigoda kumpisha. Kicheko kilikatika. Kila mtu alielewa: safari hii yule bwana akikataa, mtoto atakuwa amekataliwa waziwazi, wala hapatakuwa na utani wa kulifunika jambo.

"Nani?" Tunu aliuliza, kwa sauti ndogo.

Mvua ilipiga bati. Niliona vidole vya mtoto vikikunja gauni.

"Baba Tunu," sauti ya nje ilisema.

Tunu hakufungua. "Nani?"

"Baba Tunu, mama. Mie Baba Tunu."

"Nani?"

"BABA TUNU!" Nadhani hata kinyozi wa ng'ambo ya barabara alisikia. Tunu akaruka kulishika komeo, halifikii, akaruka tena. Bi Zuwena akamnyanyua, naye Tunu akalifungua kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya hapo Gaspar alimpeleka mwanawe chekechea kila asubuhi, kamshika mkono, na mtaa ukamwita kwa jina hilo. Sikukaa muda mrefu pale, lakini kabla sijaondoka niliwaona wale watoto tena na kanga yao. Tunu alikuwa mama wa nyumba. "Pita ndani wewe," alikuwa anamfokea mgeni, "kwetu hatusimamishi watu nje!"

Mimi nikahamia Kipawa, kisha kwingine, na sasa nipo Chanika, chumba kimoja kando ya mashamba. Kona nyingi nimezifikia. Mtoto wa kumzaa sikujaaliwa. Watu wananiita Mzee, basi, na upepo ukisukuma mlango huwa nauliza, "Nani?"

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi naongeza: yupo anayelala humohumo ndani, na bado hayupo. Mwanangu, mkono mmoja haulei mwana. Viatu mpelekee, ada mlipie, lakini kwanza muitikie. Mshike mkono mpite naye pale watu walipo, waseme, "Yule baba yake fulani." Usingoje dume, usingoje akue, usingoje upate nafasi. Mtoto mdogo hujipima kwa jinsi jina lake linavyokaa mdomoni mwako.

Mungu akujaalie mlango wenye mtu ndani yake. Ukirudi umelowa, sauti ndogo ikuulize nani. Nawe uwe na la kujibu, na usichoke kulirudia.