Hadithi Ambayo Masenge Hakutakiwa Kuimalizia

Nilipoanza kusoma simulizi za Kiingereza za enzi za wafalme na makabaila, walimu wenzangu hapa Kasulu walinicheka waziwazi. Mmoja, wa hisabati, alinikuta ofisini nimeinamia simu, akaniuliza, "Dada, hao Wazungu waliokufa zamani una undugu nao gani?" Nikamwambia aendelee na pembetatu zake aniache. Nilikuwa nachukua shahada kwa masafa, nafundisha asubuhi na kusoma mchana, na sikuwa na muda wa utani.

Kusema kweli, wale watu walinipendeza. Walikuwa wakisafiri kwa makundi kwenda kuhiji, na ili njia isiwachoshe kila mmoja alitoa hadithi kwa zamu. Mhadhiri alitufundisha kwamba hadithi humfichua anayeisimulia. Mkubwa anasimulia habari za heshima, na msaga nafaka, ambaye kila mtu anajua ni mwizi wa unga, anasimulia upuuzi ili amkomoe mkubwa. Hapo nilicheka peke yangu kama chizi. Nilimkumbuka mwenye mashine ya kusaga kijijini kwetu Busunzu. Mama alikuwa akimpelekea mahindi, anasimama pale pale mlangoni, habanduki mpaka unga wote uingie mfukoni.

Tena tulifundishwa kwamba watu wengi wa enzi zile hawakujua kusoma. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza huku mikono inafanya kazi. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Niliona uani kwetu, karai la maharage mabichi katikati, na Masenge anamenya na kusimulia, anamenya na kusimulia. Jamani, nilitamani kumwona! Nilimkumbuka kama mtu aliyekufa, na yeye alikuwa hai, yupo kambi ya wakimbizi ya Nduta, safari isiyofika hata siku nzima kutoka nilipokaa.

Masenge ndivyo tunavyomwita shangazi. Ni dada yake baba. Baba alivuka kutoka Burundi akiwa mdogo, akaoa Muha, mwenyeji wa huku, akapata uraia. Masenge alimfuata baadaye, akakaa nasi miaka mingi ya utoto wangu. Hadithi yake kubwa ilikuwa ya mwanamke aliyeolewa mbali, anayerudi kumwona mama yake na chungu cha pombe ya mtama kichwani. Kila kilima anachopanda anakutana na mtu mwenye kiu. Kila mtu anaomba funda moja tu, na mwanamke hajui kunyima.

Upande wa baba kuna desturi: watu wanaoagana hawamaliziani hadithi. Anayeondoka huiacha njiani, ili iwe na sababu ya kumrudisha. Kwa hiyo Burundi ilipotulia na Masenge akaamua kwenda kwao, alimwacha yule mwanamke kwenye kilima, chungu kikiwa nusu. Nililia, nikagalagala chini. Baba akaninyanyua akasema, "Nyamaza. Si hajamaliza? Atarudi."

Na kweli alirudi. Lakini Mungu wangu, si kurudi kule nilikokuombea. Burundi ilichafuka tena, akarudi na wakimbizi wengine, na kitenge kimoja, amekonda, akapelekwa Nduta. Kila likizo nilitafuta kibali nikaenda kumwona. Tulikaa mlangoni kwake, tukachambua maharage ya mgawo, akampandisha mwanamke wake kilima kimoja, halafu akaikatisha hadithi. "Nenda ukafundishe," ananiambia. "Mengine utayakuta." Nami niliondoka nimeridhika kabisa.

Sasa, mtihani ukauliza kwa nini simulizi nyingi za enzi zile zimetufikia bila mwisho. Mimi nikaandika kwa kujiamini, ukurasa mzima, kwamba wasimulizi waliziacha makusudi ili wasafiri warudiane. Niliona ni jambo ambalo mtoto mdogo angelijua! Mhadhiri akapiga mstari mwekundu: ushahidi uko wapi? Kurasa zilipotea, au mtunzi alikufa kabla ya kumaliza, basi. Nilikasirika siku hiyo hata wanafunzi wangu walikaa kimya wenyewe. Niliona huyu mtu hajawahi kuagana na mtu.

Nilipokwenda tena Nduta nilikuwa nimejiandaa kumsimulia Masenge kisa hicho tucheke. Sikupata nafasi. Alikuwa amefunga mizigo. Alikuwa amejiandikisha kurudi Burundi, na magari yalikuwa yanaondoka asubuhi ileile. "Nimechoka kuwa mgeni, mwana wanje," alisema, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwao. "Nataka kuzikwa kwetu."

"Kuzikwa! Masenge, nani kazungumzia kuzikwa?"

Alinivuta tukakaa juu ya furushi la magodoro, watu wanaitana, akina mama wanafunga kuku miguu, akaanza. Alimtoa mwanamke kwenye kilima cha mwisho. Akamvusha mto. Nikamshika mkono. "Masenge, basi, unakwenda. Iache hapo." Akaendelea. "Masenge, nakuomba!" Akaendelea tu, sauti ileile ya uani. Mwanamke akafika kwao na chungu kitupu, akaona haya, akataka kukificha nyuma ya nyumba. Mama yake akatoka, akakipokea, akaingiza uso ndani, akavuta harufu ya mtama. Akasema, "Nimekunywa, mwanangu. Nimeshiba."

Masenge akanitazama.

Kwetu hadithi ikifika mwisho, msikilizaji humwambia msimulizi, "Umefika." Asiposema, hadithi haijafungwa, na msimulizi hana ruhusa ya kunyanyuka. Masenge alisubiri. Macho yake yalikuwa makavu, yangu hayakuwa. Dereva akapiga honi, majina yakaanza kuitwa, na mimi nimeuma midomo yangu kwa meno.

"Mkaidi wewe," akasema, akacheka kidogo, akanipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akanyanyuka bila ruhusa yangu, akapanda gari.

Sijasema mpaka leo.