Parata Iliyong'aa Mno

Mama alinipa parata siku aliyonisindikiza kwenda kuanza masomo Mahajanga. Tulivuka asubuhi kwa chombo kutoka kisiwa chetu cha Nosy Be mpaka Antsahampano, na lori lilipoanza kunguruma akanitia mkononi kitambaa kilichofungwa fundo. "Siku hamu ikikuzidi kabisa, uza hii uje," akasema. "Ni nzima, *tsy vaky*." Hakungoja niondoke. Alirudi chomboni mbio, na nilijua kwa nini.

Kwetu parata ni ile sarafu kubwa ya fedha ya Wafaransa wa zamani, yenye kichwa cha mfalme aliyevaa taji la majani. Zamani watu walizikatakata kupata chenji, kwa hiyo iliyosalimika nzima, ambayo Wamalagasi husema *tsy vaky*, ina heshima yake. Mama alirithi tano. Hakuzivaa wala hakuzinunulia kitu. Kila Idi alizisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikawa nyeupe, akaziweka kwenye bakuli la maji, kisha akatunyunyizia maji yale kichwani na kutuombea dua. Mama huchuma maua ya mlangilangi shambani, na harufu yake haitoki mikononi. Siku ya Idi mikono yake ilinuka mlangilangi na ndimu pamoja. Harufu hiyo sijaikuta popote Mahajanga, na nimeitafuta.

Nilikaa mtaa wa Mangarivotra kwa shangazi yangu, dada yake marehemu baba. Si mtu mbaya. Ila anapenda maneno, nami sina, basi alizoea kuwaambia wageni, "Huyu kanunuliwa bila ulimi, tulipunguziwa bei." Wageni walicheka, na mimi nilikwenda jikoni. Mwaka ule wa pili, bendera mpya ya uhuru yenyewe bado changa, aliniambia kuwa likizo kubwa hii pia sitakwenda nyumbani. Nauli hakuna. Nikasema, "Ndiyo, shangazi." Nikaenda jikoni.

Nilimjua sonara mmoja wa Kihindi, karibu na soko, kwa sababu shangazi alinituma kwake mara mbili na bangili iliyovunjika. Mteja wake mmoja alikuwa Mfaransa wa bandarini aliyekusanya sarafu za kale, na sonara ndiye aliyemchagulia. Mara ya kwanza aliniona nikikodoa macho. "Husemi?" akaniuliza kwa Kimalagasi chake kilichochanganyika na Kifaransa. "Basi angalia." Akanipa kioo cha kukuzia. Alinionyesha kuwa sarafu huanza kulika mahali palipoinuka: nywele juu ya sikio, nyusi, ncha za majani ya taji. Ukiona sikio zima lakini nywele zimekuwa laini kama shavu, imetembea miaka mingi. Ukiona hata jani limezama usoni, ni ya kuyeyusha. Mezani alikuwa na visanduku viwili, kimoja cha mteja wake na kimoja cha moto.

Nilirudi nyumbani nikafungua kitambaa changu. Nikatazama nywele: zipo, uzi kwa uzi. Majani: ncha zote zipo. Ile ilikuwa sarafu ya kisanduku cha kwanza, hata mimi nilijua. Tatizo lilikuwa moja tu. Tangu mama anipe ilikuwa imeshika weusi mwembamba, na nikaona aibu kumpelekea mtu kitu cha nyumbani kwetu kikiwa kichafu. Shangazi alipokwenda msibani nikachukua majivu ya jikoni na ndimu mbili, nikaisugua kama nilivyomwona mama akifanya, kwa kidole gumba, kwa kuzungusha. Ikatoka nyeupe. Nilifurahi mpaka nikajisemesha peke yangu, mimi nisiyesema.

Kesho yake niliiweka mbele ya sonara. Hakugusa kioo. Aliitazama tu, akafumba macho kama mtu aliyeumwa jino.

"Nani ameiosha?"

"Mimi, fundi."

"Kwa kitu gani?"

"Majivu. Na ndimu."

"Majivu na ndimu! Binti, hii ni sarafu au samaki?"

Mtu aliyekuwa akingoja pete yake akacheka. Mimi nikatazama miguu yangu. Sonara akachukua kioo, akaigeuza sarafu kwenye mwanga, mara moja, mara mbili, kisha akanipa nami nitazame. Uso wote wa mfalme, na uwanja mzima uliomzunguka, ulikuwa umejaa michirizi myembamba, ya kuzunguka, mamia.

"Ule weusi ndio anaoutaka mteja wangu," akasema. "Unaonyesha kuwa haikuguswa. Lakini si wewe peke yako. Michirizi yako ni hii, mipya, juu juu. Angalia chini yake. Ipo ya zamani, na chini ya hiyo ipo mingine. Sarafu hii haikupita mikononi mwa watu wengi. Imepita mkono mmoja tu, nao ndio ulioiua."

Niliutazama mkono ule. Ulizunguka kuelekea kulia, kila mwaka kuelekea kulia, na ukifika kwenye kidevu cha mfalme ulikuwa unabonyeza zaidi kidogo. Nilikuwa nimekaa karibu miaka miwili bila kumwona mama, na sasa nilimwona ndani ya kioo cha mtu mwingine. Sikutaka kukirudisha kile kioo.

"Kwa moto naweza kuichukua," akasema sonara, sasa kwa sauti ya upole. "Kwa uzito wake. Nauli ya kwenda utapata, ya kurudi hapana. Au ondoka nayo."

Nataka niandike kweli hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Sikusita sana. Watu wa hadithi wangeifumba mkononi wakaondoka nayo. Mimi nilimtaka mama mwenyewe kuliko mikwaruzo yake. Nikasema, "Ichukue, fundi." Akaitupa kwenye kisanduku cha pili, ikalia juu ya vikuku vilivyovunjika.

Shangazi aliguna lakini aliniruhusu, kwa kuwa jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa anasafiri kwa lori lilelile. Siku tatu za vumbi, kisha Antsahampano, kisha chombo. Mama alikuwa uani. Alinishika kichwa kwa mikono miwili na kuninusa utosini kama mtoto mchanga, nami nikavuta harufu ya mlangilangi mpaka kifua kikauma. Kwa siku nyingi hakuuliza kitu.

Likizo ilipokaribia kwisha akaniuliza, "Walikupa kiasi gani kwa parata yangu?"

Nikamwambia.

"Hicho tu?" Akaacha kupeta mchele. "Mbona ni bei ya chuma?"

"Waliipima kwa uzito, mama."

"Kwa uzito! Sarafu nzima! Hakuona ilivyo safi, mtu yule?" Alikasirika kwelikweli. Kisha akanitazama kwa jicho la pembeni. "Nani aliisugua, wewe?"

"Mimi."

"Ndiyo maana. Wewe hujui kusugua."

Akaingia ndani akatoka na kitambaa chake. Zilikuwamo nne, zote nyeusi kidogo, maana Idi ilikuwa bado mbali. Alichagua moja ya kunirudisha skuli, akaketi kwenye kibao cha mbuzi, akavuta majivu karibu, akanitia ndimu mkononi.

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwepo, fupi tu: acha. Lakini ningemwambia acha, angeuliza kwa nini, na ningelazimika kumwambia juu ya Idi zote zile.

"Tazama vizuri safari hii," akasema, kidole gumba kikianza kuzunguka kuelekea kulia. "Na hiyo ndimu umeishika ya nini? Kamua."

Nikakamua.