Samaki Aliyefumuliwa

Glorious alirudi nyumbani Kihagara na sanduku moja na moyo uliotanuka. Alikuwa Mbinga mwaka wa pili akijifunza ushonaji. Daktari alipomkataza jembe na ndoo ya maji, mama yake, Emiliana, alimtandikia mkeka barazani, naye akawa anadarizi kutwa.

Hakudarizi kama wengine. Maua ya vitambaa vya makochi, yale ya kila nyumba, hulala bapa. Samaki wa Glorious waliinuka. Ukipitisha kiganja unakutana na mgongo, halafu pezi lililosimama lenyewe. Kitambaa alichokuwa akidarizi kilikuwa cha madhabahu ya kanisa letu: mbasa watano, wale samaki wakubwa wa ziwani, kwenye maji ya buluu.

"Pumzika, mwanangu," Emiliana alimwambia mara nyingi.

"Nikipumzika nasikia moyo unavyokwenda, mama. Nikishona sisikii."

Alifariki mwezi wa tatu, Alhamisi asubuhi. Samaki watatu walikuwa wamekamilika. Wawili walikuwa mistari ya penseli tu.

Baada ya arobaini Emiliana alijaribu kuwamalizia. Sindano aliijua tangu usichana, lakini samaki wake alilala. Akarundika uzi juu ya uzi, akapata uvimbe kama jipu. Akafumua, akaanza tena, wiki nzima.

Ottilia, aliyesoma na Glorious, alikuja kutoka Ngumbo kuhani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Afadhali umekuja. Hebu nionyeshe, hii mwenzio alifanyaje?"

"Mimi nilijifunza cherehani, mama. Hii ya mkono alifundishwa na sista mmoja, naye amehamishwa, sijui yuko wapi." Alikigeuza kitambaa, akatazama upande wa nyuma, akasita. "Labda tumfungue mmoja, tuone ndani kuna nini."

"Umfungue samaki wa mwanangu?"

"Nisamehe, mama."

Ottilia alikwenda zake. Emiliana alikaa siku tatu bila kukigusa kitambaa. Jumamosi alinawa mikono, akachukua mkasi mdogo, akamchagua aliyepinda kidogo mkiani. Alikata uzi mmoja mmoja.

Chini ya uzi kulikuwa na pamba. Chini ya pamba, kipande cha blanketi kilichokatwa umbo la samaki, chini yake kingine kidogo, na kingine kidogo zaidi. Hapo ndipo mgongo ulipotoka. Pezi lilishonwa kando, juu ya waya mwembamba, ndipo likapachikwa.

"Kumbe," alisema peke yake.

Kisha akaona mishono iliyoshikilia vile vipande. Ilikuwa midogo, imenyooka kama ile ya juu, na hakuna mtu ambaye angeiona kamwe. Emiliana, ambaye hakulia hata kaburini, alilia mpaka majirani wakaja.

Samaki wake wa kwanza alimchukua mwezi mzima. Alikuwa na kibiongo na pezi lake liliegemea upande mmoja. Wa pili alikuwa nafuu. Yule aliyefumuliwa alimshona upya juu ya vipande vilevile vya blanketi, lakini uzi wa zamani ulikuwa umekatikakatika, na wa dukani haukufanana rangi.

Kitambaa kilibarikiwa kabla ya Krismasi. Padre Nathanieli alipapasa wale samaki, akasema, "Marehemu ametuachia kazi kubwa."

"Wawili ndio wake, Padre."

"Niliambiwa watatu."

"Walikuwa watatu. Mmoja nilimharibu mimi, ili nijue."

Padre akamshika bega.

Siku hizi Ottilia huja mara moja kwa mwezi, naye Emiliana humfundisha. Humwanzisha na jani dogo, blanketi vipande viwili tu, na hamruhusu kugusa waya mpaka jani liinuke sawasawa. Mishono ya ndani ikienda ovyo humwambia afumue. Wanawake wakipita na kuuliza alijifunzia wapi ufundi huo uzeeni, hujibu, "Kwa mwanangu," naye Ottilia hugeuza jani lake kutazama mishono ya nyuma.