Mbuzi Aliyekufa Tukibishana

Wiki ile vita vilipoingia mjini, tuliiacha nyumba yetu ya mbao tukakimbilia kwa jirani, muuza vitenge, Mwislamu, ambaye nyumba yake imejengwa kwa mawe ya volkano. Mbao hazizuii risasi. Hilo kila mtoto wa Goma analijua. Tulikuwa baba, mama, mimi, na shangazi na mbuzi wake. Shangazi hakutaka kuja. Alikuwa amekimbia kutoka mji wa Beni, kaskazini, baada ya wauaji kumchinja mumewe shambani, nao walimchinja huku wakimtaja Mungu kwa Kiarabu. Tangu hapo hakukubali kuvuka kizingiti cha Mwislamu yeyote. Baba alimvuta mkono.

Jirani alitupokea kwa utani. "Mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe," alisema. "Lakini hapa kwetu jembe itagonga tu jiwe. Mukae." Alikuwa mtu wa watu, ila miezi ile utani wake ulikuwa umepungua. Redioni wanasiasa walitamka neno "Waislamu" kama watu wanaotaja ugonjwa, na vijana wa mtaa, waliokuwa wakishiba kwake kila Idi, walianza kumuuliza ndugu zake wa Beni hawajambo. Yeye ni wa mkoa wa Maniema, Beni hajawahi kuiona. Hasira zilinipanda kwa ajili yake, lakini hazikumsaidia kitu. Hata kanzu aliacha kuivaa sokoni.

Tukafungiwa humo, familia mbili katika vyumba viwili, maji yakigawanywa kwa kikombe. Unga uliisha. Watoto wake walilia, wakachoka kulia. Sote tulimfikiria mbuzi aliyefungwa uani, na hakuna aliyethubutu kumwambia shangazi. Mbuzi yule ndiye mali yote aliyobaki nayo duniani.

Mchana mmoja risasi iligonga ukuta wa ua, ikampata mbuzi ubavuni. Jirani alitambaa hadi uani akamburuta mpaka mlangoni. Mbuzi bado alikuwa anapumua. Jirani akaomba kisu haraka, kwa sababu kwao mnyama akifa kabla ya kuchinjwa kwa jina la Mungu ni kibudu, haliwi.

"Hapana," shangazi akasema, akasimama mbele ya mbuzi. "Ile maneno hautaisema juu ya kitu yangu."

"Mama, anakufa. Acha nimukate, batoto bakule."

"Ni ile balisema wakati balikata bwana yangu. Ni ile ile! Mungu yenu anapenda kisu."

Mke wa jirani alimziba mtoto wake masikio. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulikuwa tumemtukania mtu dini yake ndani ya nyumba yake, na akitufukuza hatuna pa kwenda. Jirani akakishusha kisu.

"Ile maneno ni yetu, mama," akasema. "Tunaisema mu sikio ya mutoto akizaliwa. Bale balituibia."

"Basi kata kimya."

"Kimya siwezi."

Baba akakichukua kisu, akasema achinje yeye. Jirani akajibu sawa, sisi tutakula, yeye na watoto wake watalamba chumvi. Baba akaona haya, akakirudisha kisu. Wakabembelezana, huyu na adabu zake na yule na zake, na walipotazama chini mbuzi alikuwa ameshakufa.

Sisi Wakatoliki tungeweza kumla. Mama alisema hivyo kwa sauti ndogo. "Sufuria ni ya benyewe, tusiweke kibudu ndani," baba akamjibu. Njaa ikabaki na mbuzi akabaki. Kumpeleka barabarani kulikuwa ni kujitafutia kifo, na kumzika hatukuweza, maana ua wote ni mwamba. Alivimba palepale mlangoni. Harufu iliingia katika nguo, katika maji. Nilimchukia shangazi. Nilimchukia jirani kwa uvumilivu wake. Zaidi niliwachukia wale wa redioni, ambao harufu ile haikuwafikia.

Milio ya risasi ilipopungua, jirani alitoka akaanza kuokota mawe na kumfunika mbuzi. Shangazi alimtazama kwa muda, kisha akaenda kuokota naye.

"Hakuna mwenye alimufunika bwana yangu," akasema.

Jirani aliendelea kupanga mawe.

"Sema sasa ile maneno. Bale balisema mbio mbio. Wewe unasemaka namna gani?"

Jirani alisita, akamtazama mkewe. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeanza kula: "Bismillahi. Allahu akbar."

Shangazi alikuwa ameinua jiwe kubwa kwa mikono miwili. Mke wa jirani alipiga hatua mbele, na sisi wengine tulilikodolea macho lile jiwe. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtiririka, halafu akainama akaliweka juu ya kichwa cha mbuzi.

"Sema tena," akasema, akaenda kuokota lingine.