Kanga Moja Iliyobaki Nje

Mke wangu aliondoka alfajiri bila kuwaaga watoto, kwa sababu jirani yetu alimkataza. "Ukimuaga huyo mdogo atakushika, na akikushika hutoki," alimwambia. Jirani huyo ni mama mtu mzima aliyelikiza watoto wake wote na wa nusu ya mtaa wetu hapa Kilindoni. Kulikiza, kwa wasiolijua neno, ni kumwachisha mtoto ziwa. Mdogo wetu alikuwa anakaribia miaka miwili, ana meno ya kutafuna mfupa wa kuku, na bado hakuna chakula alichokiheshimu mbele ya ziwa la mama yake. Ukimpa uji anakugeuzia kisogo. Ukimpa wali anawarushia kuku.

Ingekuwa hiari yangu ningemwacha anyonye hata aote ndevu. Lakini mke wangu alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi huko bara, nafasi aliyoililia tangu kabla hatujaoana, na mwezi uliofuata alitakiwa aripoti. Tukakubaliana ashinde siku nzima kwa mama yake, kisiwani Juani, bahari iwe katikati, ili huruma ikimshika asiweze kurudi mbio. "Mtoto akila, nakwenda chuo," alisema akijitanda mtandio wake gizani. "Akishinda na njaa, siendi. Wala usinibembeleze." Namjua mke wangu. Akishasema siendi, hata umvute kwa kamba.

Sikuwa na wasiwasi. Mimi ni mwalimu, darasa zima hunyamaza nikikunja uso tu, na shule zilikuwa zimefungwa. Nilijiuliza watoto wawili watanishinda nini.

Jirani alikuwa ameniachia sharti moja: ndani ya nyumba kusiwe na harufu ya mama. "Mtoto wa ziwa hufuata harufu," alisema. Basi nikakusanya kanga zote za mke wangu, magauni, mitandio, hata foronya ya mto wake, nikavisokomeza kwenye sanduku la bati na kulitia kufuli. Ufunguo nikautia mfuko wa shati. Mkubwa wetu, msichana wa miaka mitano, alikuwa ameamka na kusimama mlangoni akinitazama.

"Baba, mama amehama?"

"Hajahama. Kaenda kwa bibi, jioni anarudi."

"Sasa mbona unafungia nguo zake?"

"Ili mdogo wako asimkumbuke."

Akafikiri kidogo. "Na sisi je?"

"Sisi wakubwa," nikasema, nikaenda kuwasha mkaa.

Mdogo aliamka. Akamtafuta mama yake chumbani, akachungulia nyuma ya mlango, akainama uvunguni. Alipohakikisha kwamba hayupo, aliangua kilio. Nikampa uji, ukaishia kwenye shati langu. Nikampa tena, akakipiga kikombe teke. Uvumilivu wangu ni mfupi, kila aliyesoma kwangu anajua. "Kunywa!" nikamfokea kwa sauti ya darasani, na kuku wote wakakimbia uani. Yeye akaongeza kilio tu.

"Mama hasemi hivyo," mkubwa akanisahihisha.

"Husemaje?"

"Husema, huyu paka atakunywa uji wako, haya paka njoo."

"Sisi hatuna paka."

"Huitwa tu, baba."

Nikamwita paka asiyekuwepo, mtu mzima na ndevu zangu. Mdogo alinyamaza kidogo kumtafuta huyo paka, hakumwona, akaendelea kulia.

Sauti ya jirani ikavuka ua wa makuti. "Mwalimu! Kulikoni humo, mnachinja?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwache alie, baba. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Ni methali nzuri, ila haifui shati.

Kufika adhuhuri nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, mkubwa amesimama kichwani kwangu kama mkaguzi. Nisifikie kifuu, mchuzi utakuwa mweusi. Nisikune mbio, nitajikata. Yote aliyajua kwa kumtazama mama yake. Mara nikagundua kwamba kilio kimekoma. Nilipogeuka nilimkuta mdogo ameulaza uso mgongoni kwa dada yake, macho ameyafumba, anavuta pumzi taratibu. Ndipo nikaona alichovaa dada mtu. Alikuwa amejifunga kanga ya mama yake, ile ya kujifunika usiku, ameikunja mara mbili na bado inaburuta chini. Aliificha chini ya mkeka nilipokuwa nafungia zile nyingine.

"Ivue."

"Sivui."

"Mdogo wako atamkumbuka mama. Ivue."

"Mimi ndiye nimeivaa, si yeye."

Nikaivuta. Akaishika pindo kwa mikono miwili, nikavuta zaidi, akaachia. Hakulia. Nakumbuka nilifurahi kwamba hakulia, nikasema moyoni angalau mmoja hanisumbui. Nikafungua sanduku, nikaitupia humo, nikafunga.

Chakula kilipoiva, wali na mchuzi wa samaki aina ya tasi, mkubwa ndiye aliyekaa na mdogo wake mkekani. Alichambua miiba kwa vidole vyake vidogo, akafinyanga tonge, akaliinua. "Huyu paka atakula, haya paka njoo." Mdogo akamtazama. Akanitazama mimi. Akafungua mdomo.

Alikula! Tonge la kwanza, la pili, mpaka akaanza kuchota mwenyewe kwa viganja vyote viwili. Nilichukua bakuli tupu nikakimbilia uani, nikalipitisha juu ya ua kumwonyesha jirani kama mzazi aliyeletewa matokeo ya mtihani. Jirani akanipigia kigelegele. Niliporudi, sahani ya mkubwa ilikuwa haijaguswa. Nikaifunika kawa, nikamwambia atakula akisikia njaa.

Alasiri mdogo alilala fofofo. Mkubwa akaenda kukaa kizingitini, uso njiani. Nilimwita tucheze, akakataa.

"Nalinda," akasema.

"Unalinda nini?"

"Mlango."

Nikacheka, nikajinyoosha kidogo.

Bodaboda ikamleta mke wangu jua likiwa limeshapoa. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani, na alitembea kwa uangalifu kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa, maana maziwa yalikuwa yamemjaa mpaka yanamuuma.

"Kala?" Hata salamu hakunipa.

"Kala bakuli zima."

Mdogo alimwona, akamkimbilia, akapeleka mkono kifuani kama ilivyo ada yake. Mama yake akampa ndizi, kama alivyofundishwa na jirani. Akaipokea, akageuka, akaenda kuwaringishia kuku. Mke wangu akabaki amesimama, mikono inaning'inia.

"Hata kuninunia?" akauliza. Machozi yakamlenga. "Haya. Basi nakwenda chuo." Nilimpenda mno wakati ule.

Mkubwa alikuwa bado kizingitini.

"Wewe, mama, hunipokei?" mama yake akamwita.

Akainuka polepole, akaja, akauzika uso tumboni mwa mama yake. Kisha akalia. Nilikuwa nimesikia vilio tangu asubuhi lakini si kama kile. Alilia mpaka mwili mzima ukatetemeka, na katikati ya kwikwi nikasikia neno moja: "Usihame."

Mke wangu aliniangalia juu ya kichwa cha mtoto, kisha akaangalia kawa pale mkekani. Akaifunua. Wali ulikuwa umekauka juu, vile vile nilivyoupakua.

"Mdogo umemlikiza," akasema kwa upole, upole ulionichoma kuliko ukali. "Na huyu?" Kisha akakaa chini na kumpakata msichana mkubwa mwenye miguu mirefu, ikaning'inia pande zote. "Siendi."

Sikumbembeleza, alikuwa amenikataza. Nilimwomba siku moja nyingine tu.

Wiki hiyo hiyo alikwenda tena Juani. Safari hii aliwaaga watoto wote wawili, mchana kweupe, na jirani akanuna. Mdogo alimpungia kijiko. Mkubwa hakupunga. Boda ilipokata kona nilimshika mkono, nikampeleka chumbani, nikafungua sanduku, nikamwambia achague. Alichagua ile ile. Nikamfunga mwenyewe, vibaya, akaifungua na kuifunga upya. Mdogo alikuja, akainusa, akaenda zake kutafuta kuku.

Mchana nilimpakulia mdogo, akala mwenyewe na kuchafua mkeka mzima. Mkubwa nilimkalisha mapajani. Nikachambua tasi, mwiba kwa mwiba, nikafinyanga tonge.

"Huyu paka atakula," nikasema. "Haya paka, njoo."

"Mimi mkubwa, baba."

"Najua."

Akalitazama tonge kwa muda mrefu, kanga ameishika pindo. Kisha akafungua mdomo.