Kifaa Kilichosema Kiko Nyuma ya Mama wa Chipsi

Kila kifaa cha mtandao kina majibu machache kinayokupa ukikiuliza kwa mbali, mradi uwe na neno la siri. Wewe ni aina gani? Umewaka tangu lini? Hayo kinayajua chenyewe. Lakini kiko wapi, na nani wa kumpigia, huandikwa na fundi siku ya kukifunga, nacho hukariri hivyohivyo miaka yote. Kama hukujua, usijali. Mimi nilijifunza kwa hasira.

Asubuhi hiyo nilikuwa ofisini Shinyanga, kwenye kampuni yetu ya kusambaza mtandao. Muuguzi wa zahanati moja ya wachimbaji, upande wa Bulyanhulu, akanipigia: mtandao umekata, kadi za bima hazisomi.

"Nina mzee wa kisukari hapa, dawa zimemwishia. Nimrudishe?"

"Mwombe avumilie, dada. Naangalia."

Kifaa cha kwenye mnara unaomrushia mawimbi kilijibu palepale. Kinawaka vizuri, ila mlango, yaani tundu la waya, unaoelekea zahanati umekufa. Ni kazi ya kuchomoa waya na kuuchomeka upya tu. Nikakiuliza kiko wapi. Kikajibu: nyuma ya mama wa chipsi, duara jipya. Duara ni shimo la wachimbaji wa dhahabu. Wa kumpigia: fundi aliyekwisha kuacha kazi, na simu yake imezimwa.

Nikamtuma fundi wetu wa Kahama kwa pikipiki. Mchana akapiga.

"Mama wa chipsi nimempata, kaka. Mnara sijauona."

"Zunguka nyuma."

"Nyuma kuna mahindi."

Nikamsikia mama mwenyewe akicheka. "Mwambie bosi wako duara lile lilikauka! Rashi imehamia huku, na wachimbaji wote. Alitaka nibaki kule niwakaangie mijusi? Mnara wenu uko kulekule."

Nilitamani kuipasua simu. Huku kwetu tunaelekezana hivyo, kwa nani anauza nini, na dhahabu ikiisha muuzaji ndiye wa kwanza kufunga virago.

Fundi alifika mnarani alasiri, akachomeka waya. Akanisomea namba za ramani kutoka kwenye simu yake, nami nikaziandika ndani ya kifaa nikiwa kitini Shinyanga. Kisha nikampigia muuguzi.

"Mtandao umerudi," alisema. "Mzee ameondoka. Alisema ana safari ndefu, na simu hana."

"Hakuna wa kumfuata?"

"Namtafuta wa bodaboda hapa," akajibu, akakata.